Miji Iliyozaliwa na Mizigo: Jiografia ya Kongo na Njia Zake



Nimechagua kuizungumzia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jirani yetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Ina eneo la takribani kilomita za mraba 2,345,000, karibu mara mbili na nusu ya Tanzania, na inapakana na nchi tisa. Lubumbashi ikiwa saa mbili asubuhi, Kinshasa bado ni saa moja. Hata hivyo tumezoea kuisikia Kongo ikitajwa kwa madini na vita, kana kwamba nchi yote ni mahali pamoja.

Hoja yangu ni hii: sehemu za Kongo hazifanani, na tofauti zao zimekuzwa na mwelekeo wa njia zilizojengwa kuliko na milima au misitu. Kila sehemu ilijengewa njia ya kutolea mali nje. Njia za kuziunganisha sehemu hizo zenyewe kwa zenyewe ni chache, na nyingi zimechakaa.

Mto na maporomoko

Mto Kongo unavuka ikweta mara mbili. Mvua zikikatika upande wa kaskazini, kusini zinanyesha. Kwa hiyo mto haukauki, na kwa wingi wa maji ni wa pili duniani baada ya Amazon. Lakini kutoka baharini hauingiliki kupita Matadi. Kati ya Kinshasa na Matadi unashuka kwa maporomoko mfululizo yasiyopitika kwa meli. Ndiyo maana kati ya 1890 na 1898 ilijengwa reli ya kilomita 366 kuyakwepa, na vibarua wengi wa Kiafrika walifia katika kazi hiyo.

Reli hiyo ndiyo iliyoipa Kinshasa kazi. Mzigo ulishushwa melini Matadi, ukapanda treni, ukashuka Kinshasa, ukapanda boti. Kutoka hapo mto unapitika kwa takribani kilomita 1,700 hadi Kisangani, ambako maporomoko ya Boyoma yanafunga njia tena. Mzigo ukapakiwa kwenye reli fupi ya kilomita 125 hadi Ubundu, ukarudi majini hadi Kindu, kisha ukashika reli nyingine kuelekea kusini. Tazameni ramani: Matadi, Kinshasa, Kisangani, Ubundu, Kindu. Kila mji umekaa pale ambapo mzigo ulilazimika kuhama chombo.

Mji wa namna hiyo hunawiri njia ikiwa hai, na hudhoofika njia ikifa. Kisangani ilikuwa kituo cha kahawa, mawese na mpira wa msituni. Mashamba makubwa yalipoyumba baada ya serikali kuyataifisha mwaka 1973, na reli na boti zilipochakaa, mji ulibaki na mto wake bila biashara yake ya zamani. Kinshasa haikupatwa na hali hiyo kwa sababu ilikuwa makao makuu. Leo inakadiriwa kuwa na zaidi ya watu milioni 15, wanaolishwa muhogo kutoka Kongo-Kati na Kwilu.

Kusini: shaba na reli ya wengine

Katanga ni uwanda wa juu wa miombo, na Juni na Julai baridi yake ni kali. Wenyeji waliyeyusha shaba na kuifanyia biashara kwa vipande vya umbo la msalaba karne nyingi kabla ya Wabelgiji. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli ikafika kutoka kusini, kutoka makoloni ya Waingereza, na mwaka huohuo ukaanzishwa mji tunaouita sasa Lubumbashi. Mwaka 1931 ikakamilika reli ya Benguela hadi Lobito, Angola.

Kwa hiyo utajiri mkubwa kuliko wote wa Kongo ulipoanza haukupitia Kinshasa. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za wachimbaji, na maisha ya Lubumbashi yalifanana na ya miji ya Ukanda wa Shaba wa Zambia kuliko na ya makao makuu. Katanga ilipojitenga kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, mkono wa Ubelgiji na wa kampuni ya madini ulikuwepo. Lakini jimbo hilo liliweza kujaribu kwa sababu lilikuwa na mapato yake na njia yake ya kuyatolea. Leo Kongo inachimba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, na malori yake bado yanapanga foleni Kasumbalesa kuelekea bandari za kusini na Dar es Salaam yetu.

Kasai na Mashariki

Kasai iliunganishwa na Katanga kwa reli iliyofika Ilebo mwaka 1928. Kutoka hapo mzigo ulishuka kwa boti hadi Kinshasa. Njia hiyo ilikuwa ya shaba. Mali ya Kasai yenyewe ni almasi, na almasi haihitaji reli: inatoshea mfukoni. Mji wa Mbuji-Mayi ulikua kwa kasi baada ya 1960, Waluba waliofukuzwa kwingineko walipokimbilia huko, ukawa miongoni mwa miji mikubwa ya nchi bila kuachiwa barabara ya maana.

Mashariki ni milima, volkano na maziwa. Udongo wa Kivu una rutuba na vijiji vyake vimesongamana. Viazi, maharage, kahawa na ng'ombe wa Masisi vingeweza kulisha sehemu kubwa ya nchi. Lakini kutoka Goma kwenda Kinshasa hakuna barabara ya kutegemea. Mwenye nauli anapanda ndege. Wafanyabiashara wa Butembo huagiza bidhaa Dubai na Guangzhou, zikapitia Mombasa na Uganda. Goma ilipotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, mkulima wa Masisi na mchuuzi wa mjini walipoteza pamoja. Vita hivyo vina sababu nyingi, na mojawapo ni umbali kati ya dola na wananchi wake.

Umeme unaopita juu ya vijiji

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mradi wa umeme wa Inga, kwenye Mto Kongo. Mabwawa yake mawili, la 1972 na la 1982, yana uwezo wa takribani megawati 1,775. Kutoka hapo ulivutwa waya wa kilomita 1,700 hivi hadi Kolwezi, ili kuilisha migodi na kuifunga Katanga kwa Kinshasa. Umeme wake ni wa mkondo wa moja kwa moja, ambao hauwezi kuchotwa njiani bila kituo ghali cha kuubadilisha. Hivyo ulivuka Kasai bila kuwasha taa za vijiji vilivyo chini yake. Mradi uliojengwa kwa jina la umoja uliwapita wananchi waliokuwa katikati.

Tufanye nini

Katiba ya 2006 iliyapa majimbo, ambayo sasa pamoja na Kinshasa ni 26, haki ya asilimia 40 ya mapato ya taifa. Utekelezaji umesuasua, na kugawana kwa haki ni kugumu katika nchi ambayo sensa yake ya mwisho ilikuwa mwaka 1984. Wakati huohuo fedha nyingi za kimataifa zinaelekezwa tena kwenye njia za kutoka, kama ukanda wa Lobito unaofufuliwa.

Jambo hili linatuhusu. Reli yetu ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka uliofuata reli ya Kalemie, ng'ambo ya ziwa, ikaunganishwa na Kabalo, hivyo ziwa likawa daraja. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Tunanufaika na shehena zake, basi tuunge mkono pia ukarabati wa Kalemie, Kabalo na Kindu, ili mchele wa Maniema uifikie Lubumbashi na samaki wa Tanganyika waifikie Kindu.

Nawaomba wanafunzi wangu, watakaokuwa wapangaji na wahandisi wa ukanda huu, wakiletewa mradi wowote wa njia nchini Kongo waulize kwanza: unaunganisha mji upi wa Kongo na mji upi mwingine wa Kongo? Mradi usioweza kujibu swali hilo utaongeza shehena na kuyaacha majimbo yakiwa yametengana kama yalivyo.