Kurudi Mbioni: Malengo ya Mkimbiaji wa Masafa Marefu Baada ya Jeraha Kubwa



Wengi wetu tumekua tukisimuliwa habari za John Stephen Akhwari wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, alianguka, goti likateguka, bega likajipiga kwenye lami. Akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani giza limeshatanda, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Habari hiyo ni yetu na tuendelee kuwasimulia watoto.

Lakini ina nusu ya pili ambayo hatuisimulii. Julai 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari yuleyule alikimbia marathoni kwa 2:15:05 akawa wa tano, siku ambayo Ron Hill wa Uingereza alishinda kwa 2:09:28. Kati ya usiku ule wa Mexico na siku ile ya Edinburgh kuna miezi 21. Mada yangu inahusu miezi ya namna hiyo. Vijana wetu tumewafundisha kumaliza mbio wakiwa wameumia, na wamejifunza vizuri mno. Namna ya kurudi hatujawafundisha, na kila mwaka tunapoteza wakimbiaji kwa sababu hiyo.

Kalenda ya mashindano na kalenda ya mwili

Mkimbiaji akiumia, swali la kwanza analoulizwa daktari ni: "Atarudi lini?" Mara nyingi jibu tumeshalibeba mfukoni. Kuna mbio za Moshi mwishoni mwa Februari, kuna majaribio ya timu ya taifa, kuna mwaliko ambao wakala ameshauthibitisha. Tunaichukua tarehe hiyo, tunahesabu wiki kurudi nyuma, na hesabu hiyo tunaiita programu. Ukweli ni kwamba lengo hilo limewekwa na mwandaaji wa mashindano, mtu ambaye hajawahi kuuona mguu wa mkimbiaji wetu.

Mwili haurudi wote kwa kasi moja. Moyo na mapafu huwahi. Mtu aliyekaa wiki sita bila kukimbia, akipanda baiskeli kwa bidii, baada ya wiki chache anaanza kujisikia ana pumzi. Misuli nayo hufuata. Mfupa na kano ndio wa mwisho. Kwa hiyo kipindi ninachokiogopa kuliko vyote ni kile ambacho kijana ananiambia, "Kocha, niko fiti." Anasema kweli kuhusu mapafu yake. Kuhusu mfupa wake hana habari.

Chukueni mfano wa ufa wa mfupa unaoletwa na mzigo wa mazoezi, jeraha linalowakumba sana watu wa masafa marefu: kwenye muundi, kwenye mifupa ya wayo, kwenye fupanyonga, kwenye paja. Mfupa ukichoshwa, mwili hupeleka kwanza chembe za kuondoa sehemu iliyoharibika. Kazi hiyo huchukua kama wiki tatu. Kisha huja chembe za kujenga, na hizo huhitaji miezi mitatu hivi. Ni kazi ya fundi anayebandua plasta iliyooza kabla ya kupiga mpya: katikati ya kazi ukuta unaonekana mbovu kuliko alipoanza, na kweli ni dhaifu zaidi. Kijana anayeongezewa mzigo wakati huo anavunjika palepale alipokuwa anapona. Tena msidanganywe na eksirei. Wiki mbili tatu za mwanzo ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani katika picha hiyo, ilhali kipimo cha MRI huuona. Picha safi pamoja na maumivu yanayoongezeka kila akikimbia haimpi mtu ruhusa ya kurudi barabarani.

Hapa niseme jambo moja kwa msisitizo. Mkimbiaji anayelalamika maumivu ya kinena, hasa yakizidi anapokanyaga, asimamishwe siku hiyohiyo. Huenda ufa uko kwenye shingo ya mfupa wa paja. Ukiwa upande wa chini wa shingo hiyo, kwa kawaida hupona akipumzishwa na kutembea kwa magongo. Ukiwa upande wa juu, unaweza kuachana kabisa, na hapo ni upasuaji wa haraka. Msimwambie aruke kwa mguu mmoja ili "tuone". Mpelekeni hospitali.

Mfupa una sheria yake, kano ina yake

Kosa ninalolikuta kambi hadi kambi ni kutumia sheria moja ya maumivu kwa kila jeraha. Kocha mmoja anamsimamisha kila mtu akisikia chochote. Mwingine anasema maumivu ni sehemu ya kazi. Wote wawili wanaweza kuharibu.

Kano, hasa ile kubwa ya kisigino, haiponi kwa kulala. Inahitaji mzigo. Miaka ya 1990 daktari wa upasuaji wa Sweden, Håkan Alfredson, aliyekuwa mkimbiaji, aliumwa kano ya kisigino. Akaomba mkuu wake amfanyie upasuaji, akakataliwa kwa kuwa kano haijakatika. Akaamua kuielemea kwa mazoezi mazito mpaka ikatike, apate haki ya kupasuliwa. Badala ya kukatika, ikapona. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 waliofanya zoezi hilo: kusimama kwenye ngazi kwa ncha za miguu, kisha kushusha kisigino polepole chini ya usawa wa ngazi, seti tatu za mara 15 goti likiwa limenyooka na tatu nyingine likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Wote walirudi kukimbia. Zoezi lenyewe linauma, na ndivyo lilivyokusudiwa.

Kwa kano, basi, mruhusu maumivu mpaka tano katika kipimo cha sifuri hadi kumi, kwa sharti kwamba kesho yake asubuhi, hatua za kwanza kutoka kitandani, yawe yameshatulia. Kesho yake yakizidi, jana alizidisha. Kwa mfupa hakuna tano wala mbili. Mfupa ukiuma wakati wa kukimbia, mbio zimekwisha kwa siku hiyo. Kocha asiyejua anashughulika na kipi kati ya hivi viwili hawezi kuweka lengo lolote la maana, kwa hiyo uchunguzi wa kitaalamu utangulie programu.

Ngazi za malengo

Tarehe 3 Novemba 2007, Meb Keflezighi, Mmarekani aliyezaliwa Eritrea na mwenye medali ya fedha ya marathoni ya Athens 2004, alikimbia majaribio ya Olimpiki mjini New York akamaliza wa nane. Fupanyonga lake lilikuwa limepata ufa. Siku zilizofuata alitambaa nyumbani kwa mikono na magoti. Rafiki yake Ryan Shay alikuwa amefariki katika mbio hizohizo. Olimpiki ya Beijing 2008 ikampita. Tazameni alivyorudi: Januari 2009 nusu marathoni mjini Houston, akawa bingwa wa taifa, Aprili marathoni ya London, wa tisa, kwa muda bora wa maisha yake hadi hapo, 2:09:21, Novemba 1, 2009, akashinda New York kwa 2:09:15, Mmarekani wa kwanza kati ya wanaume kufanya hivyo tangu 1982. Ilimchukua miaka miwili kasoro siku mbili. Na mwaka 2014, akikaribia miaka 39, alishinda Boston.

Ninachokiona hapo ni mpangilio. Nusu ilitangulia nzima, na muda mzuri ulitangulia ushindi. Kila hatua ilifungua mlango wa inayofuata.

Katika programu zangu, lengo la mwezi wa kwanza haliandikwi kwa kilomita wala kwa tarehe. Linaandikwa kwa dalili. Atembee dakika 45 kwa haraka bila maumivu, siku ile na kesho yake. Ainue kisigino kwa mguu mmoja mara 25, mguu ulioumia sawa na mzima. Nguvu ya paja ifikie angalau sehemu tisa katika kumi za paja la pili. Baada ya jeraha la goti msuli wa mbele ya paja hunywea upesi, na kuurudisha ni kazi ya miezi. Aruke kwa mguu mmoja bila kusita. Akifika, anaanza dakika moja ya kukimbia na nne za kutembea, kwenye nyasi au udongo, siku moja ndiyo na siku moja hapana. Asipofika, anabaki ngazi ileile, na hakuna aibu yoyote.

Utafiti wa mifupa umetupa jambo jingine la kutumia. Chembe za mfupa huzoea mzigo baada ya muda mfupi, zikaacha kuitikia, na huhitaji saa kadhaa kupata tena wepesi wake. Kwa hiyo dakika kumi asubuhi na kumi jioni hujenga mfupa vizuri kuliko ishirini kwa mkupuo. Umbali uongezwe kwanza, kasi baadaye, na mteremko uje mwisho kabisa.

Najua mtaniuliza kuhusu Mmarekani Joan Benoit. Mwaka 1984 alipasuliwa goti, na siku 17 baadaye akashinda majaribio ya Olimpiki ya Marekani, kisha akatwaa dhahabu ya marathoni ya kwanza ya wanawake katika Olimpiki kwa 2:24:52. Ni kweli, na ninamheshimu sana. Lakini goti lake lilikuwa limebanwa na utando uliokwaruza ndani; ulipoondolewa kwa tundu dogo, kizuizi kiliondoka. Hakukuwa na mfupa wa kungojea. Anayemtaja Benoit ili kumharakisha kijana mwenye ufa wa paja anachanganya mambo mawili yasiyofanana.

Sahani, sindano na kodi ya nyumba

Mkimbiaji aliyeumia hupunguza kula kwa hofu ya kunenepa. Huo ndio wakati mbaya kuliko wote. Mfupa hujengwa kwa chakula, na mwili usiopata nishati ya kutosha huzima kwanza kile usichokihitaji leo. Kwa msichana, hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo ni taarifa kuhusu mifupa yake. Makocha wanaume wengi wanaona haya kuuliza. Basi kila kambi iwe na mama anayeaminiwa wa kuuliza.

Sindano za kutuliza zinazochomwa dukani nazo zinatumaliza. Zinaficha ishara ileile tunayoitegemea. Zaidi ya hapo, tangu Januari 1, 2022, sindano zote za dawa jamii ya kotikosteroidi zimepigwa marufuku wakati wa mashindano, na triamsinoloni ikichomwa kwenye msuli inahitaji siku 60 kabla ya mtu kushindana. Vijana wamefungiwa kwa sindano waliyodhani ni ya goti tu.

Nimeacha fedha mwisho kwa sababu ndiyo nzito. Asiyekimbia halipwi, na nyuma yake kuna wazazi, wadogo zake na ada za shule. Anajificha, anakimbia na ufa. Kwa hiyo ninapendekeza semina hii ikubaliane mambo haya: aliyeumia asiondolewe kambini wala kunyimwa chakula, kila kambi itenge sehemu ndogo ya zawadi za mashindano kwa ajili ya vipimo na posho ya majeruhi, na programu ya kurudi iandikwe na kutiwa saini na mkimbiaji, kocha na mtaalamu wa mazoezi tiba, nakala apewe wakala kabla hajajibu mwaliko wowote. Rasimu ya fomu hiyo ipo kwenye makabrasha yenu, ukurasa wa mwisho. Naomba tuanze na safu ya dalili za mwezi wa kwanza, ili kila mmoja aseme ni zipi zinazoweza kupimwa kambini kwake bila mashine.