Mwenye Zao Moja Hana Sauti

Mazungumzo haya yalitolewa na Afisa wa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo. Tumeyachapa kama yalivyosemwa.



 Mara ya mwisho tulijifunza kusoma mizani na stakabadhi. Leo tutazungumza juu ya biashara ya mazao kati ya nchi na nchi. Msiogope. Ni mambo yale yale ya gulio letu, ila gulio lenyewe ni la dunia nzima.

Nitawaambia kwa nini nimechagua habari hii. Asubuhi nikija hapa nimepita mashamba matatu ambayo migomba imeng'olewa yote. Nikauliza, "Kulikoni?" Nikajibiwa, "Mwalimu, tunapanda parachichi. Ndizi hazina bei. Mnunuzi amesema atachukua parachichi zote." Sikubisha. Lakini nikakumbuka visiwa viwili vya mbali, ambavyo watu wake nao waliambiwa kwamba mnunuzi atachukua zote. Wao waliambiwa habari ya ndizi.

VISIWA VIWILI VYA NDIZI

Visiwa hivyo viko katika Bahari ya Karibi, upande wa Amerika. Kimoja kinaitwa Dominica, kingine Saint Lucia. Kila kimoja ni nchi yenye serikali yake na bendera yake. Vilitawaliwa na Waingereza kama sisi. Dominica ilipata uhuru mwaka 1978, Saint Lucia mwaka 1979. Lakini ni nchi ndogo sana. Dominica ina watu kama 70,000. Saint Lucia ina watu kama 180,000. Hata ukiwaweka pamoja, ziko wilaya nyingi za Tanzania zenye watu wengi kuliko hao.

Nchi yao ni ya milima na mvua nyingi, kama huku kwetu. Wakulima wake ni wadogo, mtu na mke wake na watoto wake, katika eka chache za mteremko. Zamani Saint Lucia ililima miwa. Kuanzia miaka ya 1950 ikaja kampuni ya Kiingereza, ikasema, "Limeni ndizi, tutanunua." Kila wiki meli ilifika bandarini na kuondoka na ndizi kwenda Uingereza.

Haya, sasa fikirini wenyewe. Miwa huvunwa kwa msimu. Mgomba huzaa mwaka mzima. Mkulima mdogo alipata fedha mara kwa mara, si mara moja kwa mwaka. Akajenga nyumba ya matofali, akasomesha watoto. Watu wakaziita ndizi dhahabu ya kijani. Ilifika wakati zaidi ya nusu ya fedha zote ambazo nchi hizo zilipata kwa kuuza mazao na bidhaa nje zilitokana na ndizi.

Lakini hapo ndipo penye jambo. Zao lilikuwa moja. Mnunuzi alikuwa mmoja. Na vyakula vingi walivyokula vilitoka nje kwa meli, vikanunuliwa kwa fedha za ndizi.

UPEPO HAUBISHI HODI

Jambo la kwanza lililowapata ni upepo. Visiwa hivyo viko katika njia ya vimbunga. Tarehe 29 Agosti 1979 kimbunga kilichoitwa David kiliipiga Dominica. Nchi ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru. Karibu robo tatu ya wananchi walikosa mahali pa kulala. Migomba karibu yote ikalala chini. Mwaka uliofuata, 1980, kikaja kimbunga kingine, Allen, kikaharibu ndizi za visiwa vyote viwili.

Katika nchi kubwa, upepo ukiharibu mkoa mmoja, mikoa mingine hulisha ule ulioharibika. Nchi ndogo haina mkoa mwingine. Upepo ukipita, umepita nchi nzima kwa usiku mmoja. Mwaka 2017 kimbunga Maria kilipoipiga Dominica, hasara ilihesabiwa kuwa dola za Marekani bilioni 1.3. Hizo ni zaidi ya mara mbili ya pato la nchi yote kwa mwaka mzima. Ni sawa na mtu kupoteza kwa usiku mmoja mapato yake ya miaka miwili, na bado kudaiwa.

Hata hivyo, upepo si adui mkubwa kuliko wote. Mgomba ukianguka, chipukizi huota. Baada ya miezi tisa au mwaka mmoja unavuna tena. Wakulima wale waliinuka kila mara. Kilichowaangusha kwa muda mrefu ni karatasi.

KESI YA NDIZI

Sikilizeni vizuri hapa. Ndizi za visiwani zilikuwa ghali kidogo kuliko za nchi nyingine. Kwa nini? Katika nchi kama Ekwado na Honduras kuna mashamba makubwa ya tambarare, yenye mitambo na kampuni tajiri, na vibarua hulipwa kidogo. Mkulima wa mlimani mwenye eka tatu hawezi kushindana na shamba la namna hiyo.

Aliwezaje basi kuuza? Kulikuwa na uzio. Uingereza ilizipa ndizi za visiwa nafasi ya pekee. Mwaka 1975 nchi za Ulaya zilitia sahihi mkataba na makoloni yao ya zamani, wakaahidi kwamba ndizi za visiwa hazitakosa soko. Ndizi za visiwa ziliingia bila ushuru wa forodha. Ushuru wa forodha ni kodi anayotozwa mtu anayeingiza bidhaa katika nchi. Ndizi za mashamba makubwa zilitozwa kodi hiyo, tena ziliwekewa kiasi.

Mwaka 1993 nchi za Ulaya ziliunganisha soko lao likawa moja, na kanuni za ndizi zikawa moja. Wenye mashamba makubwa wakanung'unika. Mwaka 1995 likaanzishwa Shirika la Biashara la Dunia, ambalo kazi yake moja ni kuamua kesi za biashara baina ya nchi. Mwaka 1996 Marekani, Ekwado, Guatemala, Honduras na Meksiko zikaishitaki Ulaya. Sasa jiulizeni, Marekani inauza ndizi gani nje? Karibu hakuna. Lakini kampuni kubwa za ndizi zilikuwa za Kimarekani.

Na visiwa vyenyewe? Kesi ilikuwa inahusu maisha yao, lakini hawakuwa washitaki wala washitakiwa. Walikaa pembeni. Saint Lucia, kwa kuwa haikuwa na wanasheria wa kutosha wa mambo hayo, iliajiri mawakili kutoka nje. Kesi ilipoanza, mawakili hao waliambiwa watoke chumbani kwa sababu si watumishi wa serikali. Waliruhusiwa baadaye, wakati wa rufani mwaka 1997. Na mwaka huo huo Ulaya ikashindwa kesi.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Ulaya na Marekani walivutana miaka mingi. Mwezi wa Desemba 2009 wakapatana. Ulaya ikakubali kushusha ushuru wa ndizi za nchi nyingine kutoka euro 176 kwa tani mpaka euro 114, kidogo kidogo. Yaani uzio ulishushwa.

Tazameni hesabu. Mwaka 1992 visiwa hivyo viwili pamoja na majirani zao, Saint Vincent na Grenada, viliuza nje karibu tani 270,000 za ndizi. Mwaka 2001 hazikufika tani 100,000. Kwa kila maboksi matatu yaliyokuwa yakipanda meli, lilibaki kama moja. Wakulima waliokuwa zaidi ya 20,000 wakapungua mpaka wakabaki elfu chache. Waliobaki hawakuwa wavivu na mashamba yao hayakuwa mabaya. Kilichobadilika ni kanuni, na kanuni ilibadilishwa katika chumba ambacho wao hawakuwamo.

HATA KWETU

Msidhani haya ni ya wenzetu tu. Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa katani. Baada ya mwaka 1964 bei ikaanguka, kwa sababu viwanda vya nje vilipata kamba za plastiki. Bei ya kahawa nayo ilishikiliwa na mkataba wa dunia, uliogawa kiasi cha kuuza kwa kila nchi. Mwezi Julai 1989 ugawaji huo ulivunjika, bei ikaporomoka.

Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa. Mwaka 2001 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mwaka ule kahawa ilijaa duniani, Vietnam ilikuwa imepanda kwa wingi, na bei ikawa chini sana. Baba alileta nyumbani fedha za kahawa, akazihesabu mezani, akazihesabu tena. Kaka yangu alikuwa sekondari, anangoja ada. Baba hakusema kitu. Akazikunja zile fedha akaenda kununua mahindi, kwa sababu shamba letu lote lilikuwa kahawa. Kaka hakurudi shule.

Ndiyo maana nilipoona migomba imeng'olewa leo, moyo ulinishtuka. Sijasahau meza ile.

TUFANYE NINI?

Naona mama pale nyuma amenyosha mkono. Anauliza, "Mwalimu, kwa hiyo unatukataza kupanda parachichi?"

Hapana, mama. Pandeni. Fedha tunazihitaji, na watoto wanasoma. Mimi nasema mambo manne tu.

La kwanza ni chakula. Mparachichi wa kubebesha huchukua kama miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa vizuri. Katika miaka hiyo mtakula nini? Usiache mbachao kwa msala upitao. Acheni sehemu ya migomba. Kati ya miche midogo pandeni maharage. Mwenye chakula ghalani anaweza kumwambia mnunuzi, "Bei hiyo sitaki, rudi kesho." Mwenye njaa hawezi kusema hivyo.

La pili ni kuuliza. Mnunuzi akija, muulizeni: Unapeleka nchi gani? Wako wanunuzi wengine? Bei imeandikwa wapi? Parachichi zikikataliwa kwa kuwa ndogo au zina doa, hasara ni ya nani? Na mkataba usomeni wenyewe kabla ya kutia sahihi. Hamkujifunza kusoma ili mfurahishe mwalimu. Mmejifunza kwa siku hiyo.

La tatu ni kuuza pamoja. Wakulima wa visiwani walipoona uzio unashuka, waliobaki walishikamana katika umoja wao wa visiwa vya jirani. Kuanzia mwaka 2000 wakauza ndizi zao Uingereza kwa mpango wa biashara ya haki, ambao mkulima hupata bei isiyoshuka chini ya kiwango, na fedha za ziada kwa kazi za kijiji. Mpango huo haukuwarudishia yale ya zamani. Lakini bila huo, wengi zaidi wangeacha. Kwa hiyo chama cha ushirika kisimamieni. Nendeni mkutanoni, ulizeni hesabu. Chama kisichoulizwa hesabu huliwa.

La nne, msitoke katika kutegemea jambo moja mkaingia katika kutegemea jambo jingine moja. Saint Lucia ilipoona ndizi zinaanguka, iligeukia watalii. Mahoteli yakajengwa, watu wakapata kazi. Mwaka 2020 ikaja korona, ndege zikasimama, mahoteli yakafungwa. Ni yale yale, zao jipya na mnunuzi yule yule wa mbali. Waliokuwa na bustani za viazi na mboga walikuwa na cha kula.

Ndugu zangu, siwadanganyi. Bei ya dunia hatuwezi kuizuia sisi tuliokaa hapa. Hiyo ni kazi ya serikali zetu, na nchi ndogo zina sauti zinaposema pamoja, kila moja ikienda peke yake hutolewa nje ya chumba. Lakini tunaweza kuamua bei ikianguka itukute katika hali gani. Itukute na chakula na mazao matatu, au itukute na shamba la zao moja na mikono mitupu? Hilo linaamuliwa hapa hapa, kwa jembe.

Nikirudi mwezi ujao nitapita njia ile ile. Nitatazama migomba.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mkulima mdogo wa visiwani alipenda ndizi kuliko miwa?
2. Ushuru wa forodha ni nini? Ulimsaidiaje mkulima wa Saint Lucia?
3. Kati ya kimbunga na kesi ya ndizi, ni kipi kilichowaumiza wakulima kwa muda mrefu zaidi? Elezeni kwa nini.
4. Andikeni mazao yote yanayouzwa kijijini kwenu. Kwa kila zao, andikeni wanunuzi wake ni wangapi.
5. Zao lenu kubwa likikosa bei mwaka huu, kaya zenu zitakula nini kwa miezi sita?