Haradali ya Mafuta: Mkulima Aulize Kabla ya Kupanda

Mazungumzo na wakulima wa Makindu



Mbegu za mafuta sasa zina soko. Mwaka 2022 kampuni ya Eni ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu hapa Makueni, na mwaka huo huo shehena ya kwanza ya mafuta ya mimea ikasafirishwa kutoka Kenya hadi Gela, Italia. Zao lililozoeleka zaidi ni mbarika. Jingine linalotajwa ni haradali ya Ethiopia.

Haradali hii si ngeni. Ni jamii ile ile ya kanzira inayochumwa majani, ila hii hulimwa kwa ajili ya mbegu. Mwaka 2012, nchini Kanada, ndege ya majaribio iliruka kwa mafuta yaliyotokana nayo, bila kuchanganywa na mafuta ya kawaida.

Mzizi wake huenda chini kufuata unyevu. Lakini kustahimili ukame si kuishi bila maji. Huhitaji unyevu inapoota na inapochanua, na joto kali wakati wa maua hupunguza mbegu. Kwa Makindu, mvua ya kutegemewa ni ya Oktoba hadi Desemba. Anayejaribu atafute aina inayokomaa mapema na apande mvua inapoanza. Mbegu ni ndogo, hivyo udongo ulainishwe na mbegu isifukiwe sana. Vidukari na viwavi wanaosumbua sukuma wiki huivamia pia.

Jambo kubwa ni hili: ndengu zikikosa mnunuzi, familia itazila. Mafuta ya haradali hii yana asidi ya eruki nyingi, si ya kupikia. Mashudu yake nayo yasilishwe mifugo kabla ya kumuuliza afisa wa mifugo. Mnunuzi asipofika, gunia hubaki ghalani.

Ukambani imeshapata funzo. Jatrofa, yaani mbono kaburi, ilisifiwa kuwa zao la nchi kavu. Mwaka 2009 utafiti wa ICRAF, KEFRI na Endelevu Energy ulionyesha kwamba mavuno na faida vilikuwa duni, ukashauri ipandwe kama ua wa shamba tu.

Kwa hiyo mkulima aulize: Nani ananunua, na kwa bei gani kwa kilo? Bei imeandikwa? Mbegu ni ya bure au ya mkopo? Mvua ikikosa, deni ni la nani? Mazao yatapimwa wapi, na gari ni la nani? Kila kikundi kiweke nakala ya mkataba na kumbukumbu za mizani, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndengu, kunde, mbaazi na mtama vipate shamba kwanza. Haradali ianze na robo ekari, na afisa wa kilimo wa wadi aone mkataba kabla haujatiwa sahihi.