Kalamu ya Wakili wa Serikali

(Maandishi ya mada iliyotolewa kwa vijana wetu)



Wazee wetu, akina mama, vijana wenzangu. Na wewe unayesoma hapa kwa simu, karibu uketi nasi.

Tukizungumzia haki zetu, sisi hutaja polisi. Polisi ndio tunaowaona, ndio wanaobisha mlango saa nane za usiku. Leo nataka uangalie mtu ambaye hujawahi kumuona mlangoni: wakili wa serikali. Yeye ndiye anayeamua kesi gani iendelee na gani ife, na hahitaji bunduki. Anahitaji kalamu tu.

Mfano wetu ni Amos Wako. Moi alimteua Mwanasheria Mkuu mwaka 1991, akakaa hapo hadi 2011. Miaka 20, chini ya Moi na chini ya Kibaki. Baadaye akawa Seneta wa Busia kwa mihula miwili. Wakenya wengi wanamkumbuka kwa tabasamu lake.

Usidhani alikuwa mtu asiyejua haki za binadamu. Mwaka 1982 Umoja wa Mataifa ulimpa kazi ya kuwa mjumbe maalum wa kuchunguza watu wanaouawa bila hukumu ya mahakama. Sasa sikiliza. Mwezi wa Februari 2009 alikuja Kenya Profesa Philip Alston, akiwa na cheo kile kile alichokuwa nacho Wako zamani. Alichunguza mauaji yaliyofanywa na polisi, kisha akasema wazi kuwa Wako ndiye sura ya ukwepaji wa sheria Kenya, na kwamba anafaa kutoka ofisini. Wako alizikataa lawama hizo. Hakutoka.

Mwaka huo huo Marekani ilimpiga marufuku kuingia nchini mwao, na 2019 wakatangaza tena marufuku hiyo, wakitaja ufisadi. Haki yake tumpe: yeye amekana, na hakuna mahakama ya Kenya iliyompata na hatia. Sisi hatuhukumu mtu kwa uvumi, manake tunajua uchungu wa kuhukumiwa hivyo.

Lakini kuna mambo yasiyo uvumi. Aprili 2005 Tom Cholmondeley, wa ukoo wa Lord Delamere, alimpiga risasi askari wa wanyamapori, Mmaasai, akafa. Cholmondeley alishtakiwa kwa mauaji. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu akaifuta kesi kabla haijasikilizwa. Wamaasai wakaandamana. Mkurugenzi wa mashtaka wa wakati huo akaachishwa kazi. Mwaka mmoja baadaye mtu mwingine akauawa kwa risasi katika shamba lile lile, na 2009 Cholmondeley akapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Jiulize: ile kesi ya kwanza ingeendelea, ingekuwaje? Hatutajua kamwe. Kesi iliyofutwa haiachi jibu, inaacha mjane.

Na sisi Waislamu? Miswada ya serikali huandikwa katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Mwaka 2003 ulitoka Mswada wa Kuzuia Ugaidi, ambao ungeruhusu mtu kushukiwa hata kwa nguo aliyovaa. Jamii ikasimama, misikiti ikasema, mswada ukakwama. Mwanzoni mwa 2007 watu zaidi ya 80 walipandishwa ndege usiku, wakapelekwa Somalia, na wengi wakaishia jela za Ethiopia. Jamaa zao walikimbilia Mahakama Kuu. Mahakamani, serikali husemewa na nani? Na ofisi hiyo hiyo.

Ndio maana Katiba ya 2010 ikaivunja ofisi hiyo mara mbili. Mwanasheria Mkuu akabaki mshauri na wakili wa serikali. Mashtaka yakapewa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, anayehudumu miaka minane bila kurudi. Kifungu cha 157 kinasema hachukui amri kwa mtu yeyote, na hawezi kufuta kesi bila idhini ya mahakama.

Je, tumepona? Bado. Baada ya uchaguzi wa 2022, ofisi ya mashtaka iliomba kuondoa kesi kadhaa za wanasiasa, ikiwemo ya ufisadi ya Rigathi Gachagua, aliyekuwa Naibu Rais. Mkurugenzi alieleza kuwa ushahidi hautoshi. Mahakama ikakubali. Mwaka uliofuata mkurugenzi huyo, Noordin Haji, akateuliwa kuongoza idara ya ujasusi.

Najua hapa wengine mnaanza kukohoa. "Huyo si ni wetu?" Ndio, ni Muislamu mwenzetu, na tulifurahi alipopata cheo. Lakini dini yetu inatutaka tusimamie uadilifu hata kwa jamaa wa damu. Tukimuuliza Wako maswali halafu tukamnyamazia Haji, basi hatutetei haki, tunatetea majina.

Kwa hivyo tufanye nini? Ukisikia kesi inataka kufutwa, tafuta nambari yake, ujue tarehe, uende ukakae mahakamani. Sheria inamtaka Mkurugenzi azingatie maslahi ya umma. Umma ni wewe. Familia ya aliyedhulumiwa ina haki ya kusikilizwa, basi itafutieni wakili mapema, msingoje siku ya uamuzi. Na ukiona Mkurugenzi amekiuka kazi yake, Kifungu cha 158 kinamruhusu mtu yeyote kuandikia Tume ya Utumishi wa Umma kutaka aondolewe. Si lazima uwe mheshimiwa.

Wako alisoma, aliheshimiwa duniani, na bado alikaa miaka 20 akilaumiwa. Tusingoje mtu mzuri aketi kwenye kile kiti. Tukae karibu na kiti, tumuangalie anavyoandika.

Wabillahi tawfiq. Assalamu alaykum.