Mji Mmoja, Nchi Mbili, na Sentimita 54



Juma hili nataka tuzungumze juu ya mpaka. Si ule mpaka wa shamba unaowafikisha ndugu wawili kwenye mahakama ya mwanzo, bali mpaka wa nchi na nchi. Na badala ya kuanzia Tunduma au Namanga, nawaomba mnifuate mbali kidogo, hadi Laufenburg, mji mdogo wa kusini kabisa mwa Ujerumani, ulioko kando ya mto Rhine.

Ukitoka Basel kwa treni, reli inafuata ukingo wa mto kuelekea mashariki, na kabla hujamaliza kusoma gazeti lako umeshafika. Mji wenyewe una wakazi karibu 9,000. Nyumba zake za zamani zimebanana juu ya mwamba, zikiinamia maji. Ukisimama ukingoni ukatazama ng'ambo, unaona mji mwingine wa namna hiyo hiyo: nyumba zile zile, mapaa yale yale, mnara wa kanisa, na juu ya kilima magofu ya ngome. Mji huo nao unaitwa Laufenburg. Ila ule wa ng'ambo ni Uswisi.

Kati yao lipo daraja lililojengwa mwaka 1911. Siku hizi ni la waenda kwa miguu na baiskeli. Mimi nilivuka daraja hilo mara tatu katika alasiri moja. Mara ya kwanza pasipoti yangu ilikuwa mkononi, kama tulivyozoea sisi. Hakuna aliyeitaka. Mara ya pili niliitia mfukoni. Mara ya tatu nilikuwa nimeshasahau kwamba ninayo. Nilikunywa kahawa upande huu nikalipa kwa yuro, nikavuka nikanunua mkate nikalipa kwa faranga. Basi huo ndio mpaka niliouona kwa macho: ulikuwa kwenye pochi yangu.

Lakini msidhani mambo yalikuwa hivyo tangu zamani. Hebu tuirudie historia.

Laufenburg imetajwa katika maandishi tangu mwaka 1207, na kwa karne nyingi ilikuwa mji mmoja, pande zote mbili za mto, chini ya ukoo wa Habsburg waliokuja kuitawala Austria. Kanisa kuu la Mtakatifu Yohana na ngome vilikuwa upande wa kushoto wa mto. Upande wa kulia ulikuwa sehemu ndogo ya mji huo huo, kama mtu anavyosema ng'ambo ya Kigamboni. Mtu aliamka kulia, akaenda kusali kushoto, akarudi kulala kulia, wala hakujua kwamba amesafiri.

Kisha alikuja Napoleon. Mwezi Februari 1801, baada ya Austria kushindwa vitani, mkataba ulitiwa saini katika mji wa Lunéville huko Ufaransa. Wakubwa walikaa mezani wakakubaliana kwamba mto Rhine uwe mpaka. Miaka michache baadaye upande wa kushoto ukawa ni Uswisi, katika jimbo la Aargau, na upande wa kulia ukawa wa dola la Baden, ambalo leo ni sehemu ya Ujerumani. Watu wa Laufenburg hawakuulizwa. Kalamu ilipita katikati ya parokia moja, katikati ya soko moja, katikati ya koo zilizooana.

Ndugu wasikilizaji, nadhani hadithi hiyo mnaijua. Tumeisimulia wenyewe mara nyingi, ila kwa majina mengine. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana ardhi kuanzia pwani hadi Ziwa Viktoria kwa mstari ambao ukiutazama katika ramani unanyooka kama uzi wa fundi mwashi, ila unapofika Kilimanjaro unapinda. Wamasai wakajikuta wako nchi mbili. Mwaka 1890 mataifa hayo hayo yakasaini mkataba mwingine ulioihusu Zanzibar na kisiwa cha Helgoland kilichoko Bahari ya Kaskazini. Ndipo nilipokuwa juu ya daraja lile nikawaza: kumbe hao waliokuja kutukata sisi, nao kwao wapo waliokatwa, tena miaka 85 kabla yetu.

Tofauti basi iko wapi? Tofauti iko katika yale yaliyofanyika baada ya kukatwa. Na hapo ndipo penye somo, kwa sababu yaliyofanyika hayakuwa mema yote.

Tuanze na baya. Katika Vita vya Pili vya Dunia Ujerumani ilikuwa chini ya Hitler, na Uswisi haikuwa upande wowote. Mto huo ambao kijana mwenye nguvu angeweza kuuogelea, ukawa ndio ukingo wa uhai na kifo. Mwezi Agosti 1942 serikali ya Uswisi iliamua kufunga mpaka wake, na wakimbizi wengi, Wayahudi kwa maelfu, wakarudishwa mikononi mwa waliotaka kuwaua. Uswisi yenyewe ilikuja kuchunguza jambo hilo kwa tume ya wanahistoria, na ripoti ya mwisho ilitolewa mwaka 2002 bila kuficha. Nasi tunalijua daraja la mpakani wakati wa mauaji. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara. Daraja wakati wa amani ni njia ya kwenda sokoni. Siku mambo yanapoharibika, mwenye ufunguo wa lango anakuwa ameshika roho za watu.

Sasa tuje kwenye lile ambalo ni jema lakini lina gharama. Jina la Laufenburg limetokana na maji. Zamani Rhine ilibanwa pale na miamba, ikapita kwa kishindo. Mashua hazikuweza kupita zikiwa na mizigo. Mizigo ilishushwa na kupitishwa nchi kavu, na mashua tupu ziliteremshwa kwa kamba na watu waliokuwa na kazi hiyo maalumu. Wengine waliishi kwa kuvua samaki aina ya samoni. Mwaka 1793 kijana mmoja wa Kiingereza wa ukoo wa kikabaila, Viscount Montagu, alijitia ushujaa wa kupita kwa mashua katikati ya maji yale. Alikufa papo hapo.

Leo ukienda hutasikia kishindo hicho. Maji yamelala kama ziwa. Kati ya mwaka 1908 na 1914 ulijengwa mtambo wa umeme kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, miamba ikalipuliwa kwa baruti, na maporomoko yakazama. Wachoraji na wapenzi wa mazingira walipinga sana. Hawakusikilizwa. Lakini mtambo huo bado unafanya kazi, nao una uwezo wa zaidi ya megawati 100, na umeme wake umetumika pande zote mbili. Kisha, mwaka 1958, ilikuwa hapo hapo Laufenburg ambapo gridi za umeme za Ujerumani, Ufaransa na Uswisi ziliunganishwa kwa mara ya kwanza. Kumbukeni kwamba ilikuwa miaka 13 tu tangu vita viishe. Wajerumani na Wafaransa waliokuwa wakitwangana kwa mizinga, wakaanza kuazimana umeme.

Sisi nasi tunayo Rusumo. Pale pale walipovuka wakimbizi, maji ya mto Kagera sasa yanazungusha mitambo ya megawati 80, na umeme wake unagawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Naomba jambo hili tusilichukulie kama habari ya kawaida ya wahandisi. Nchi tatu kukubali kula sahani moja ni jambo kubwa kuliko nyaya.

Na sasa kisa kilichonifanya nichague mji huu. Magari yalipokuwa mengi mno kwa daraja la zamani, nchi hizo mbili zilikubaliana kujenga daraja jipya nje kidogo ya mji. Wajerumani wakaanza upande wao, Waswisi upande wao, wakutane katikati. Mwaka 2003 kazi ikiwa inaendelea, ikagundulika kwamba pande hizo mbili hazitalingana. Upande mmoja ulikuwa juu kuliko mwingine kwa sentimita 54.

Ilikuwaje? Kila nchi hupima urefu wa milima na madaraja yake kuanzia usawa wa bahari. Ujerumani inapima kutoka Bahari ya Kaskazini, kwa alama ya Amsterdam. Uswisi inapima kutoka Bahari ya Mediterania, kwa alama ya Marseille. Bahari hizo mbili, kwa vipimo hivyo, zinatofautiana kwa sentimita 27. Na wahandisi walilijua hilo! Lilikuwa limeandikwa. Ila katika kurekebisha, palipotakiwa kujumlisha palitolewa, au palipotakiwa kutoa palijumlishwa. Badala ya tofauti kufutika, ikawa mara mbili. Ikabidi upande mmoja urekebishwe, na daraja likafunguliwa Desemba 2004.

Wengi hucheka wakisikia kisa hiki, na kweli kinachekesha, hasa kwa kuwa ni mafundi wa Kijerumani na wa Kiswisi. Mimi naona kina faida zaidi ya kicheko. Wale hawakuwa na ugomvi. Fedha walikuwa nazo, na utaalamu pia. Nia njema ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza mapema, na kuuliza tena: wewe unapima kutoka bahari ipi?

Jiulizeni sasa kuhusu hapa kwetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977. Ya sasa mkataba wake ulisainiwa mwaka 1999. Tuna umoja wa forodha tangu 2005 na soko la pamoja tangu 2010. Tuna vituo vya pamoja vya mpakani, kama hicho cha Rusumo kilichozinduliwa mwaka 2016, ambapo msafiri anasimama mara moja badala ya mbili. Nia njema ipo. Lakini mfanyabiashara mwenye magunia matatu ya maharage bado anaambiwa huku kwamba karatasi zake ziko sawa, na hatua chache mbele anaambiwa haziko sawa. Kila upande unapima kutoka bahari yake. Upo utaratibu wa cheti rahisi cha uasilia wa bidhaa, kwa mizigo ya thamani isiyozidi dola 2,000. Muulizeni mama anayevusha nyanya Namanga kama amewahi kuambiwa habari zake. Asipoambiwa, atapita njia ya panya, atamlipa kijana wa pikipiki, na pengine mzigo wote utakamatwa. Zile sentimita 54 ataziziba yeye, kwa mtaji wake.

Wapo wanaosema dawa ni kufuta mipaka. Wakuu wa nchi za Afrika walilifikiria hilo Cairo mwaka 1964, na kwa pendekezo la Mwalimu Nyerere wakakubali kuiheshimu mipaka kama tulivyoirithi, wakijua kwamba ukianza kuchimbua jiwe moja la mpaka, utachimbua vita. Waliona mbali. Na watu wa Laufenburg hawakuufuta wao. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya hata leo, na ofisi za forodha bado zipo. Kilichobadilika ni kwamba tangu Desemba 2008, Uswisi ilipoingia katika utaratibu wa Schengen, mtu anayevuka hasimamishwi kila mara kuonyesha pasipoti.

Tena kuna kitu ambacho hawakukiacha kamwe. Miji hiyo miwili ina chama kimoja cha sherehe za kabla ya Kwaresima, ambacho chenyewe kinahesabu umri wake tangu mwaka 1386. Wanachama wake wanatoka pande zote mbili. Wakati wa sherehe wanavaa vinyago, wanapita mitaani Ujerumani, wanavuka daraja, wanapita mitaani Uswisi, na watoto wanawakimbilia kudaka vitu vya kula wanavyotupiwa. Napoleon alipita, na wafalme nao. Chama kipo.

Kwa hiyo nasema hivi, ndugu zangu. Tumelalamika vya kutosha juu ya waliochora mistari, na malalamiko hayo ni ya haki. Lakini saa anazopoteza dereva wa lori Tunduma mwaka huu hazikuwekwa na Napoleon, wala hazikuwekwa na Waingereza na Wajerumani wa 1886. Zimewekwa na ofisi zetu, kwa fomu zetu, na mihuri yetu. Hizo tunaweza kuzipunguza bila kugusa jiwe hata moja la mpaka, ikiwa tu maofisa wa pande mbili watakaa meza moja na kupima kutoka bahari moja.

Hadi juma lijalo, kwaherini.