Tumkumbuke Mzee Maruge



Leo chama chetu kikitimiza miaka 10, tunaomba tumkumbuke marehemu Mzee Kimani Maruge, baba na babu wa wengi. Mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, alivaa kaptula na soksi ndefu akaingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiyo, Eldoret. Wajukuu zake wawili walisoma hapo hapo. Alitaka kujisomea Biblia na kuhesabu fedha zake mwenyewe. Mwaka 2005 alifika hadi New York kutetea elimu ya bure kwa watoto. Alifariki mwaka 2009.

Sasa akina mama, tuulizane. Kati yetu bado wapo wanaotia kidole gumba kwenye kitabu cha akiba, halafu wakifika nyumbani wanamwuliza mtoto, "Hebu nisomee, ni ngapi?" Jasho ni lako, kitabu ni chako, mbona usimuliwe?

Tunapendekeza kila mkutano tutenge nusu saa ya kusoma na kuhesabu. Anayejua amfunze mwenzake. Mzee aliweza, nasi, Mungu akipenda, tutaweza.