Dawa ya Kuzuia TB: Sikiliza Ini Lako



Ukiishi na mgonjwa wa kifua kikuu, huenda umepewa dawa ya kinga: isoniazidi ya kila siku kwa miezi 6, au isoniazidi pamoja na rifapentini, mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Hailipiwi.

Rifapentini hugeuza mkojo, jasho na machozi kuwa rangi ya chungwa. Hilo lisikutie hofu. Ni rangi ya dawa. Lakini ukikosa hamu ya chakula, ukitapika, ukichoka bila sababu au ukiumwa chini ya mbavu za kulia, huenda ini limeumia. Usingoje macho yawe manjano na mkojo uwe mweusi kama chai ya mkandaa. Simamisha dawa, na siku hiyo hiyo uende kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Kitengela au Kajiado. Utapimwa damu, na daktari ndiye atakayeamua kama utaendelea.

Si wengi wanaopatwa na haya, ila anayeendelea kumeza dawa akiwa na dalili hizo anaweza kufa.

Anayekunywa pombe, aliyewahi kuugua homa ya ini na anayetumia miti shamba, aseme kabla ya kuanza dawa. Hapa hakuna wa kukucheka.

Na wewe usiye na dalili yoyote, usiache dawa kwa uvumi wa sokoni. Maliza dozi.